Huyu Mama Hutusaidia Kazi

Kitengela, Jumamosi jioni

Mwende,

Baba yako amekaa pale mlangoni anajifanya anatengeneza redio. Hatengenezi kitu. Ananichunga tu aone kama naandika au nalia. Wewe umeenda kanisani kuagana na kwaya, na ninavyowajua mtaimba mpaka muote mizizi huko, kwa hivyo niko na nafasi.

Sitakuambia mambo ya blanketi na sweta. Umeshapanga vitu vyako, nimeviona, na vile umevipanga utajua mwenyewe. Wala sitakuambia usali na uwe na heshima. Hayo nilikuambia ukiwa mdogo, na kama hayakuingia basi yamekataa.

Nataka kukuambia kwa nini Jumapili ile, ulipopiga magoti mbele yangu ukasema, "Mwaitu, nitemee mate," niliinuka nikaenda kulisha kuku. Kuku walikuwa wameshakula. Ulijua, na mimi nilijua unajua.

Kwetu mzazi hatemi mate ya baraka akiwa na uchungu ndani. Ukitema hivyo, ule uchungu ndio unaenda na mtoto. Susu wako, mama yangu, alikuwa akikosana na mtu anakaa siku nzima habariki hata kifaranga. "Mdomo wangu ni mchafu leo," anasema, na anamaanisha. Sasa Jumapili ile mdomo wangu ulikuwa nyongo tupu. Ndiyo naandika. Naitapika hapa kwa karatasi, ili kesho asubuhi ukija nikutazame nikiwa na mdomo safi. Kama itawezekana. Sijui.

Nianze na wewe, maana wewe ndiye uliyeniumiza mwisho na mahali bado ni pabichi. Umepata kazi Mashuuru, ya kusimamia shamba la mbegu za nyasi. Vizuri. Umesoma mambo ya malisho, cheti uko nacho, nani angekataa? Lakini kwamba hilo shamba ni la Ng'oto Sironka, mama yake Sironka, hilo nililisikia wapi? Kwa yule mama wa kuuza sukuma pale karibu na posho mili. "Hongera Mama Mwende! Kumbe mmepatana na yule rafiki yako Mmaasai." Nilisimama na sukuma mkononi sijui nizirudishe au nizipeleke nyumbani. Baba yako alijua. Mwalimu wa kwaya alijua. Nafikiri hata hawa kuku walijua. Wa mwisho kujua ni mimi, Mwende, mimi niliyekubeba.

Ulisema, "Niliogopa utakasirika." Haya, nimekasirika. Tena mara mbili.

Wewe unamkumbuka kama mama wa maziwa na shanga. Ulikuwa mtoto tulipotoka kwake, na mimi sikukuambia yote, nilikuwa nasema tu "achana na huyo." Sasa nakuambia.

Tulikuja kutoka Ukambani wewe hujazaliwa, miaka ya tisini ndiyo inaanza. Baba yako alikuwa amepata kazi ya kujenga fensi ng'ambo ya Isinya. Wakati huo huko hakukuwa na maploti wala hizo nyumba za nailoni za maua. Ilikuwa uwanda na upepo, basi. Mvua ikinyesha, nyumbu na pundamilia wanatoka upande wa mbuga wanajaa mpaka karibu na nyumba, alfajiri ukitaka kwenda chooni unawaomba njia. Mzee wake Ng'oto Sironka ndiye aliyempa baba yako kazi, na akatuonyesha mahali pa kuweka nyumba ya mabati kando ya boma lake.

Nyuma ya nyumba hiyo palikuwa na kipara. Ardhi ngumu kama sakafu, ng'ombe walikuwa wameila mpaka ikakataa kuota kitu. Mvua ikija, maji yanateleza juu yake yanaenda zake. Mimi nimelelewa kwa mitaro ya milima ya Machakos. Nikiona maji yanatembea hivyo bila kazi naumwa na tumbo, haki. Nikachukua jembe. Nikaanza kuchimba mashimo ya nusu mwezi, mdomo unaangalia kule maji yanatoka, udongo nauweka upande wa chini ndio maji yakifika yapumzike hapo.

Ng'oto Sironka alikuja akasimama. Mpaka siku hiyo tulikuwa watu wa salamu tu, "Takwenya," "Iko," kila mtu kwake. Akanitazama weee, halafu akauliza:

"Unazika nani?"

"Nazika maji," nikamwambia.

Aiya, alicheka huyo mama! Alicheka akashika magoti. Watu wake wakati ule hawakuwa wanapenda mtu atoboe ardhi, jembe lilikuwa kitu ya watu kama sisi. Lakini kesho yake alikuja na sururu ya wajenzi wa fensi, hata sijui aliitoa wapi, akaanza kuchimba upande ule mwingine. Alichimba vibaya sana. Nilimrudia mashimo yake usipime.

Nikaenda kwa susu wako nikarudi na mbegu ya mbeetwa imefungwa kwa leso. Mbeetwa unaijua, ile nyasi ya kwetu ya vichwa vya bapa, ng'ombe wanaila wakifunga macho. Nikatawanya ndani ya mashimo. Na sasa sikiza vizuri. Yeye ndiye aliyesema tuzungushe ua wa miiba. Wamaasai wako na mahali karibu na boma wanaita olopololi, hapo nyasi huachiwa ndama peke yao, wakubwa hawaingii. Mimi hiyo sikuwa naijua. Mashimo na mbegu vilikuwa vyangu, ua ulikuwa wake, na bila ule ua pundamilia wangemaliza kila kitu wiki ya kwanza. Hata leo na hasira yangu hii siwezi kumnyima ua wake.

Ikaota, Mwende. Kile kipara kikaota nyasi za kufika hapa kwa nyonga. Watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama. Halafu kiangazi kikaja kibaya, ng'ombe wa majirani wakaanguka mmoja mmoja, wengine wakapelekwa mpaka Nairobi kula nyasi za kando ya barabara, lakini ndama wa Ng'oto Sironka walisimama. Tulikuwa tunawakatia na panga, asubuhi na jioni, yeye na mimi.

Mvua iliporudi, alikuja kwangu anavuta kondoo jike mwekundu.

"Jina lako wewe, maana yake nini?" akaniuliza.

Nikamwambia Kalondu ni kondoo mdogo.

"Ndiyo sikuleta mbuzi," akasema. Akanipa kamba mkononi. "Kutoka leo mimi nakuita Paker, na wewe unaniita Paker. Jina ingine imekwisha."

Hiyo ni desturi yao, na utaiona huko. Mtu akikupa ng'ombe, mnaitana kwa jina la ng'ombe. Akikupa kondoo, ni Paker, wewe kwake na yeye kwako, mpaka mmoja azikwe. Na si jina la kucheza. Alikuwa ananiita kutoka ng'ambo ya barabara, "Pakeeer!" watu wa soko wote wanageuka. Nilipokuwa na uchungu wako, na baba yako ameenda kujenga fensi Kimana huko mbali, Paker ndiye aliyenishika mgongo mpaka ukatoka. Maziwa ya kibuyu chake uliyanywa kabla ya uji wangu. Ukaongea Kimaasai kabla ya Kikamba, mpaka susu wako akaniuliza kama nilikuokota.

Baba yako naye akatengeneza lile sanduku la mbao la kufunga nyasi. Hilo lazima unalikumbuka. Tunajaza nyasi kavu, wewe na watoto wa Paker mnaingizwa ndani mkanyage mkiimba, tunafunga kamba, tunasukuma, inatoka marobota safi kabisa. Watu walikuja kuiga sanduku. Walikuja kuiga mashimo. Tuliwaonyesha wote. Tulikuwa wajinga wenye furaha.

Sasa nafika pale sipendi kufika.

Wageni walikuja, watu wa mradi fulani wa mifugo, na gari nyeupe na kamera. Jana yake Paker alikuwa ameniambia, "Vaa vizuri." Nikavaa rinda la kanisani. Nikapaka mafuta mpaka miguuni. Akawapeleka kati ya nyasi, akawaonyesha nusu mwezi, akaeleza vile maji yanapumzika, maneno yangu yenyewe, "maji yanapumzika." Mimi niko nyuma nimeshika mikono, natabasamu. Nilijua kinachokuja. Siku zote mgeni akiuliza mimi ni nani, anasema "Paker," mgeni anauliza Paker ni nini, na hadithi inaanza, kondoo, kipara, unazika nani, tunacheka.

Mmoja wao akageuka, mama mmoja wa miwani, akauliza, "Na huyu?"

Paker akanitazama. Akanitazama vizuri tu, usoni.

"Huyu mama hutusaidia kazi ya shamba," akasema. Halafu akaniambia, "Mama, leta viti."

Nilileta viti, Mwende. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningeweza kuongea, mdomo nilikuwa nao. Lakini miguu ilienda yenyewe, na nikapangusa vumbi kwa viti na lile rinda la kanisani.

Yule mama wa miwani akachuma kichwa cha mbeetwa akasema hii nyasi anaijua, Wazungu wanaiita nyasi ya Wamaasai. Ati ya Wamaasai! Mbegu niliyoitoa kwa susu wako Machakos kwa leso. Hata Kizungu kilikuwa upande wake siku hiyo.

Walipoenda nilimwuliza. Sikungoja. "Paker, mimi ni mtu wa kusaidia kazi?"

"Ai, Paker, hiyo ni maneno ya wageni," akasema. "Wanataka kitu ya Wamaasai. Wakisikia ni ya Mkamba, si wataenda Ukambani na gari yao?" Akacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka naye, tukala ile mikate iliyobaki.

Baba yako hakucheka. Aliniambia niende kwa mzee tuandikiane hata karatasi ndogo, kwamba pale tulipo na ile nyasi tuko na sehemu. Nilimjia juu. Nikamwambia mtu haendi kwa Paker na karatasi, ni matusi. Akasema, "Kalondu, hilo si jina la shamba. Ni jina la kondoo." Tukanuniana wiki nzima. Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo sijui kama mtu mwingine angelifanya. Nilichukua jina nikaliweka mahali pa title ya shamba.

Basi akawa anachukuliwa na magari kwenda kufundisha. Kajiado mjini, sijui wapi na wapi. Picha yake ikatoka kwa kalenda, amesimama ndani ya nyasi zangu. Kila akirudi ananiletea sukari na leso. Nilikuwa nazipokea. Ningefanya nini?

Halafu hayo maploti yakaanza kushuka kutoka Kitengela. Kila mtu anauza, kila mahali ni vigingi na waya. Siku moja nikaona kijana wake, Sironka, anatembea ndani ya mbeetwa na mwanamume mwenye tepu ya kupima. Akaja mpaka mlangoni. "Mama amesema mtafute mahali pengine. Shamba imeuzwa."

"Mwambie Paker aje aniambie mwenyewe," nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. Kumbe Paker alikuwa ameshahamia Mashuuru na ng'ombe wake. Aliondoka akapita nyuma ya nyumba yangu na hakunigongea. Huyo mwanamke aliyenishika mgongo nikikuzaa.

Tulitoka mbegu ikiwa imeiva. Greda ilikuja kabla hata ya kumaliza kupakia vitu. Wewe ulikuwa unauliza tunaenda safari gani, na nikakuambia tunaenda mjini, kuna stima. Mvua iliyofuata nilirudi kutazama. Nyumbu wachache walikuwa wamesimama kwa waya wanaangalia ng'ambo, na mimi nikasimama upande wangu naangalia pia, halafu nikapanda gari nikarudi hapa.

Kuna kitu kimoja baba yako hajui. Tulipopata simu hii ya kwanza, sijui nani alimpa namba. Ililia mchana nikiwa peke yangu. Nikaishika, nikasikia, "Paker?" Ile sauti, Mwende. Nikasema, "Rong namba, mama," nikakata. Halafu nikakaa na simu kwa mapaja mpaka kuku wakaingia wenyewe kulala, nikingoja ilie tena. Haikulia. Nimemchukia kwa mengi, lakini sijui kama kuna kubwa kuliko hilo, kwamba alipiga mara moja tu.

Sasa anakuita wewe. Kama ni toba au ni biashara, mimi sijui. Wewe utajua, ukikaa.

Nikuambie ninachoogopa, maana umefikiri naogopa atakutesa. Hatakutesa. Atakuchinjia. Atakupa maziwa, atakuita mtoto wake mbele ya watu wote, na hatakuwa anaigiza. Anakupenda. Naogopa atakutendea mema, utarudi Krismasi ukiniangalia kwa huruma useme, "Lakini Mwaitu, ni mtu mzuri." Naogopa utaanza kujiuliza kama mama yako alikuwa anaongeza chumvi. Ni mtu mzuri! Najua kukushinda. Mtu mbaya hangenipata, ningemwona akija.

Kwa hivyo usinipatanishe na yeye. Usinibebee salamu, usinipigie simu umweke hapo kando nisikie anapumua. Kama ana neno, Kitengela anaijua iko wapi. Na usimlipizie. Usimfanyie kazi nusu kwa sababu yangu, ukiona mbegu inamharibikia mwambie vile inahifadhiwa, unajua, ulikua ndani yake.

Jambo moja tu nakuomba. Wageni watakuja, siku zote wanakuja. Na wewe uko na cheti na Kiingereza, watageukia wewe. Watakuuliza, "Na huyu?" Pengine ni kijana wa kuchunga, pengine ni mama anapepeta mbegu. Taja jina lake. Taja na kile alichofanya. Na kama aliyesimama hapo ni yeye, mzee, amechoka, na wageni wanafikiri ni mama tu wa boma, mtaje yeye pia. Sema, huyu ndiye aliyeweka ua. Uliandike moyoni hilo, kwa sababu najua siku hiyo itakuja na wewe utataka kuonekana, kama vile yeye alitaka, kama vile mimi nilitaka na mafuta yangu miguuni.

Basi. Nimesoma tena hii yote. Nilidhani nikifika hapa nyongo itakuwa imeisha, ndiyo nilikuwa nakimbilia. Haijaisha. Yake bado iko, yako bado iko, nimeisikia sasa hivi nikimeza mate. Susu wako hakuniambia mtu anafanyaje kama uchungu umekataa kutoka na mtoto anaondoka asubuhi. Pengine yeye watoto wake waliondoka siku nzuri.

Kwa hivyo naamua mwenyewe. Kesho usiweke chai. Njoo kwanza kwangu, kabla sijaonja kitu. Nitakutemea hivyo hivyo, kifuani na kwa viganja, na mdomo nilio nao, kwa sababu mwingine sina. Kama kuna uchungu humo, ujue ni wangu, si wewe uliyeuleta, ila ule wa kunificha, na huo nitakusamehe nikiweza. Siwezi kukuacha uende kwa yule mwanamke ukiwa mkavu.

Nikianza kulia usingoje nimalize. Beba vitu vyako uende.

Mama yako,
Kalondu